Gesi ya Rukwa na Hesabu ya Protoni

Katika bonde la Ziwa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, zipo chemchemi za maji moto zinazotoa mapovu usiku na mchana. Mpita njia hudhani ni maji yanachemka tu. Wanajiolojia waliokinga mapovu hayo kwenye chupa na kuyapima walikuta jambo jingine. Sehemu kubwa ni naitrojeni, gesi ile ile iliyojaa hewani, lakini imechanganyika na heliamu, na katika baadhi ya chemchemi heliamu inafika karibu sehemu moja katika kumi. Hewa tunayovuta ina heliamu sehemu tano hivi katika milioni moja. Juni 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham vya Uingereza, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba sehemu moja tu ya bonde hilo inakadiriwa kuwa na futi za ujazo bilioni 54 za gesi hiyo.

Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya fedha: bei, leseni, mrabaha. Ni sawa, maana mali ya nchi lazima ihesabiwe. Lakini lipo swali linalotangulia fedha, nalo ni tamu zaidi: gesi hii imefikaje chini ya ardhi ya Rukwa? Jibu lake linapita katikati ya atomu. Anayelifuata hadi mwisho atakuwa amejifunza karibu kila jambo la msingi ambalo sayansi inalijua kuhusu atomu na elementi.

Kila kitu chenye uzito, kiwe jiwe, maji, ugali au damu, kimeundwa kwa atomu. Atomu nayo ina sehemu zake. Katikati kuna kiini, chenye protoni na nyutroni zilizobanana pamoja. Nje ya kiini zimo elektroni. Protoni ina chaji chanya ya umeme, elektroni ina chaji hasi, nyutroni haina chaji. Uzito karibu wote uko kwenye kiini, kwa sababu protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836 hivi. Atomu ikiwa katika hali yake ya kawaida, idadi ya elektroni ni sawa na idadi ya protoni, ndiyo maana vitu vingi tunavyovishika havitupigi shoti.

Katika hesabu zote za atomu, inayoamua elementi ni moja: idadi ya protoni. Atomu yenye protoni moja ni haidrojeni. Yenye mbili ni heliamu. Sita ni kaboni, nane oksijeni, 26 chuma, 29 shaba, 79 dhahabu. Hakuna dhahabu yenye protoni 78, maana hiyo tayari ni platinamu, na ukiongeza moja juu ya 79 unapata zebaki. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaonasa chembe za dhahabu kwa zebaki wanashika mkononi elementi mbili jirani kabisa. Moja ni metali ya manjano isiyoingia kutu hata ikikaa chini ya bahari karne nzima. Nyingine ni metali ya majimaji, na mvuke wake ni sumu inayoharibu mishipa ya fahamu na figo. Tofauti ya viini vyao, kwa upande wa protoni, ni moja tu. Hadi sasa elementi zinazojulikana ni 118, na nne zilizokuwa za mwisho kupewa majina rasmi ziliyapata mwaka 2016, ule ule ambao habari ya Rukwa ilitangazwa.

Heliamu ina historia ya pekee katika orodha hiyo: ilionekana juani miaka 27 kabla ya kupatikana duniani.

Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa, na mwanaastronomia Mfaransa Jules Janssen alikuwa Guntur, India, akilitazama kwa kifaa cha kuchambua mwanga. Elementi yoyote ikiwa katika hali ya gesi na ikapashwa moto hadi ing'ae hutoa mistari ya rangi zake yenyewe. Chumvi ikimwagikia makaa ya jikoni, mwali wa manjano unaoruka unatokana na sodiamu, na rangi hiyo haibadiliki, chumvi iwe ya Bagamoyo au ya Uvinza. Kwenye mwanga wa ukingo wa jua kulionekana mstari wa njano uliodhaniwa kwanza kuwa wa sodiamu hiyo hiyo. Ulipopimwa vizuri ukaonekana umekaa pembeni kidogo. Miezi michache baada ya kupatwa kule, Mwingereza Norman Lockyer, aliyeuona mstari huo kwa vifaa vyake mwenyewe, akafikia hitimisho kwamba ni wa elementi isiyojulikana duniani. Wanakemia wengi hawakumwamini. Mwaka uliofuata, 1869, Mrusi Dmitri Mendeleev alichapisha jedwali lake la elementi 63, akiacha nafasi wazi kwa zile alizotabiri kuwa zitapatikana. Utabiri wake ulitimia kwa galiamu mwaka 1875 na jemaniamu mwaka 1886, lakini heliamu haikuwa na mahali hata katika nafasi hizo wazi.

Mwaka 1895, jijini London, William Ramsay alimwagia tindikali jiwe lenye uraniamu akitafuta gesi nyingine. Gesi iliyotoka ikatoa ule mstari wa njano wa jua.

Jiwe lenye uraniamu: hapo ndipo Rukwa inapoingia, ingawa ilichukua miaka 13 zaidi kuelewa kwa nini. Aliyelimaliza fumbo hilo ni Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand. Alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba elementi zenye mionzi hurusha chembe nzito zenye chaji chanya, akaziita alfa. Mwaka 1908, kule Manchester, yeye na Thomas Royds waliweka gesi ya radoni, ambayo ina mionzi, ndani ya mrija wa kioo chembamba mno. Chembe za alfa ziliweza kupenya ukuta wa mrija ule, lakini gesi ya kawaida haikuweza. Mrija huo ukazungushiwa chombo kingine kilichotolewa hewa yote. Wakasubiri. Baada ya siku kadhaa walipopitisha umeme katika kile chombo cha nje, mstari wa njano wa heliamu ukajitokeza. Chembe ya alfa, basi, ni kiini cha heliamu, yaani protoni mbili na nyutroni mbili. Ikishapunguza mwendo na kujinyakulia elektroni mbili, inakuwa atomu kamili ya heliamu.

Sasa hesabu inajieleza yenyewe. Uraniamu ina protoni 92. Kiini chake kikirusha chembe moja ya alfa kinabakiwa na protoni 90, na hapo si uraniamu tena, ni toriamu. Toriamu hiyo nayo haitulii. Mabadiliko yanaendelea hatua kwa hatua mpaka inapatikana risasi yenye protoni 82, ambayo imetulia kabisa. Katika safari hiyo nzima atomu moja ya uraniamu ya kawaida huzaa atomu nane za heliamu. Mwendo wake ni wa polepole mno: nusu ya uraniamu hiyo huchukua miaka bilioni 4.5 kubadilika, karibu sawa na umri wa Dunia. Wapo wanaouliza kama heliamu inayotoka humo nayo ina mionzi. Haina. Chembe ya alfa ikishapata elektroni zake na kutulia, ni gesi isiyodhuru kwa mionzi hata kidogo.

Miamba ya kale iliyo chini ya Rukwa ina umri wa karibu miaka bilioni mbili, na uraniamu na toriamu zimo ndani yake kwa uchache, kama zilivyo katika miamba mingi ya itale. Kwa muda wote huo atomu za heliamu zimekuwa zikizaliwa moja moja na kubaki zimefungwa ndani ya fuwele za miamba. Kisha Bonde la Ufa likaanza kupasuka. Volkano za eneo la Rungwe, upande wa Tukuyu na Mbeya, zikaleta joto, na joto likaifungua miamba. Heliamu ikaachiwa, ikapanda juu pamoja na naitrojeni. Timu ya Oxford na Durham ilijenga utafutaji wake juu ya hoja hii, na ni hoja inayohitaji uangalifu: volkano ikiwa mbali mno, gesi haiachiwi, ikiwa karibu mno, kaboni dayoksaidi yake inaizamisha heliamu mpaka haifai kuchimbwa. Mwanzoni mwa 2024 kampuni ya Helium One ilitangaza kuwa kisima kilichochimbwa Itumbula, kina cha karibu kilomita moja, kimekuta heliamu.

Chembe hizi za alfa zilifanya kazi nyingine kubwa zaidi, maana ndizo zilizoifungua atomu. Mwaka 1897 Mwingereza J. J. Thomson alikuwa amegundua elektroni, na wengi walidhani kwamba elektroni zimetawanyika ndani ya tope la chaji chanya lililoenea atomu nzima. Mwaka 1909, katika maabara ya Rutherford, Hans Geiger na kijana Ernest Marsden walielekeza chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba sana ya dhahabu. Kama atomu ingekuwa tope, chembe zote zingepita. Nyingi zilipita kweli. Lakini moja katika maelfu ilirudi nyuma, ilikotoka.

Rutherford alikaa na jambo hilo karibu miaka miwili. Mwaka 1911 alichapisha jibu: chaji chanya yote ya atomu, na karibu uzito wake wote, umekusanyika mahali padogo mno katikati. Chembe inayorudi ni ile iliyokuja kuelekea mahali hapo ikasukumwa na chaji inayofanana na yake. Ukubwa wenyewe ni mgumu kuuweka akilini, kwa hiyo mfano mmoja utasaidia. Atomu ya dhahabu ingekuzwa ikawa na upana wa Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam, kiini chake kingekuwa harage moja lililowekwa katikati ya uwanja. Nafasi yote iliyobaki, mpaka majukwaani, ni ya elektroni. Mkono haupenyi meza kwa sababu elektroni za mkono na elektroni za meza husukumana zinapokaribiana.

Yaliyobaki kuhusu kiini yalifuata haraka. Henry Moseley alionyesha mwaka 1913, kwa kupima miale ya eksi, kwamba mpangilio sahihi wa elementi ni wa chaji ya kiini na si wa uzito kama alivyopanga Mendeleev. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli, na umri wake ulikuwa miaka 27. Ni mojawapo ya hasara kubwa kabisa ambazo vita ile iliiletea sayansi. Rutherford mwenyewe aliitambua protoni, na James Chadwick akaigundua nyutroni mwaka 1932.

Elektroni, pamoja na wepesi wake, ndizo zinazoamua tabia. Hukaa kwa matabaka, na tabaka la kwanza huchukua elektroni mbili tu. Heliamu ina elektroni mbili, hivyo tabaka lake limejaa. Haiombi elektroni kwa mtu wala haitoi. Haiungui, haiungani na oksijeni, haiungani hata na heliamu mwenzake. Haidrojeni ina elektroni moja, nafasi moja iko wazi, nayo huungana kwa nguvu na karibu kila inachokikuta; ikikutana na oksijeni na cheche, hulipuka na kuacha maji. Gesi hizi mbili ndizo nyepesi kuliko zote, na zote huinua puto. Tofauti yao imegharimu maisha ya watu.

Novemba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walirusha chombo kikubwa cha angani, L 59, kutoka Bulgaria kuwapelekea risasi na dawa askari wa Paul von Lettow-Vorbeck, waliokuwa wakipigana kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Kilijazwa haidrojeni, maana heliamu hawakuwa nayo. Kilivuka Mediterania na jangwa, kikafika Sudan, kikaamriwa kurudi. Kilitua salama Bulgaria baada ya saa 95 angani na kilomita zaidi ya 6,700. Aprili 1918 chombo hicho hicho kiliwaka moto juu ya bahari karibu na Italia na wote waliokuwemo wakafa. Tarehe 6 Mei 1937 chombo kingine cha Kijerumani, Hindenburg, nacho kikiwa kimejazwa haidrojeni, kiliungua Lakehurst, Marekani, watu 36 wakafariki. Marekani ilikuwa na heliamu na sheria ya kuzuia isiuzwe nje. Na heliamu ya Rukwa, ndani ya ile ile ardhi ya Afrika Mashariki ambayo L 59 ilikuwa ikiifuata, ilikuwa bado inatoa mapovu bila kuchimbwa.

Tabaka lisilojaa ndiyo siri ya michanganyiko yote. Sodiamu ina elektroni moja ya ziada katika tabaka lake la nje. Ni metali laini inayoripuka ikiguswa na maji. Klorini imepungukiwa moja. Ni gesi ya sumu iliyotumika kuua askari Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Sodiamu ikimpa klorini elektroni ile moja, zote mbili zinatulia, na kinachopatikana ni chumvi ya mezani, ile ambayo watu wa Uvinza mkoani Kigoma wameichemsha kutoka kwenye maji ya chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Nyutroni hazibadilishi elementi, lakini hubadilisha utulivu wa kiini. Potasiamu yenye nyutroni 21 haijatulia, na kwa kasi inayojulikana baadhi yake hugeuka agoni. Kwa kupima agoni iliyojikusanya kwenye majivu ya volkano, wanasayansi walitangaza mwaka 1961 kwamba fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75. Uraniamu yenye nyutroni 143 hupasuka kwa urahisi kuliko ile yenye 146, na tofauti hiyo ya nyutroni tatu ndiyo iliyotafutwa kwa gharama kubwa katika mawe ya Shinkolobwe, Katanga, yaliyotoa sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi wa bomu wa Marekani. Kwa bomu la uraniamu lililotokana na mradi huo, Hiroshima iliteketezwa tarehe 6 Agosti 1945. Katika hesabu zote za atomu hii ndiyo nzito kuliko zote, na wachimbaji Wakongo walioyabeba mawe hayo hawatajwi inavyostahili.

Heliamu kwa upande wake imekwenda hospitalini. Hugeuka kimiminika inapopoa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, jambo ambalo Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes alilifanikisha mwaka 1908. Baridi hiyo huwezesha nyaya za sumaku za mashine za MRI kupitisha umeme bila kizuizi chochote, na mashine nyingi za aina hiyo huhitaji lita elfu moja au zaidi za heliamu. Ugavi wake duniani hutegemea nchi chache, Marekani na Qatar zikiwa mbele. Juni 2017, majirani wa Qatar walipofunga mipaka, viwanda vya heliamu vya Ras Laffan vilisimama kwa muda, na wenye maabara wa mabara mengine wakaanza kuhesabu mitungi iliyobaki.

Wepesi wake ni hatari nyingine. Heliamu iliyoachwa ikatoroka hupanda juu kabisa ya angahewa na hatimaye hupotelea angani, isirudi tena. Hakuna kiwanda kinachoweza kuitengeneza kwa wingi. Kazi hiyo hufanywa na uraniamu na toriamu, kwa kasi yao ya mabilioni ya miaka. Na wazazi wajue pia kwamba mtoto anayevuta heliamu ya mtungi ili sauti iwe nyembamba anaweza kukosa oksijeni na kuzimia kwa sekunde chache, hata kufa.

Muundo wa atomu hufundishwa sekondari kwa kuchora miduara ubaoni, na mwanafunzi wa Momba au Sumbawanga hukariri heliamu kama namba mbili kwenye jedwali lililoandikwa mbali na kwao. Walimu wa kemia wa Rukwa, Songwe na Katavi wawapeleke wanafunzi wao kwenye chemchemi, kwa tahadhari ya maji moto, wawaonyeshe mapovu, kisha wahesabu nao kutoka 92 hadi 82. Na wanaoandaa vitabu vya kiada waiweke Rukwa katika sura ya atomu kwenye toleo lijalo.